Familia Katuba: garderi ya Mireille

Ya Solange, 6:10
Jambo yenu familia. Leo tarehe 28, mwezi wa sita unaisha. Mireille eko na batoto 11 ku garderi yake, kule anachunga batoto ba batu mu muchana. Ba inje 6, bazazi babo banalipa dola 20 kila mwezi. Batano ni ba humu mu groupe, habajalipiwa tangu mwezi wa ine. Dola 100 inakosekana kila mwezi. Kila mutu aandike hapa atalipa lini. Mbele ya saa sita.

Ya Solange, 6:58
Naona mumesoma.

Serge, 7:15
Ya Solo, acha batu bakunywe chai kwanza 😂

Patou, 7:16
Na mukate Ya Solo atalipa 😂😂

Ya Solange, 7:20
Patou, mapacha bako banakunywa uji ya masoso mara mbili kwa siku. Mahindi, soya, mutama, sukari. Pale soko Kenya, hapa Lubumbashi, hakuna anayemupunguzia Mireille bei eti juu ya familia. Toa uji, toa sabuni, toa makala, toa maji, toa mushahara ya ule binti anamusaidia. Anabaki na nini?

Serge, 7:31
Lakini masomo si ni bure tangu 2019?

Ya Solange, 7:33
Ile ni shule ya msingi ya Leta, ya serikali! Hata maternelle, shule ya batoto badogo, haimo, na inapokea ba miaka 3. Mutoto wa mwaka moja aende wapi? Mama yake amubebe mugongoni ku soko, mu mavumbi, mpaka jioni?

Tantine Georgette, 8:02
🙏🌹 Dimanche njema kwa wote, Bwana awalinde

Patou, 8:03
Tantine, leo si jumapili, ni siku ya tatu 😂

Mireille, 9:44
Aksanti Ya Solange. Batoto njo banalala sasa. Deni ya makuta inaniuma, ndiyo, lakini kuna neno inaniuma kupita: "Mireille eko tu ku nyumba." Nafungua mulango saa kumi na mbili asubuhi. Kila mara lango ikifunguka nahesabu vichwa, juu ya hatari ya barabara. Kulisha, kuosha, kulalisha, mwengine analia mwengine anaamuka. Na nilisema mwenye homa simupokei. Mutu anamupa mutoto parasetamoli asubuhi, homa inashuka, ananiachia. Saa ine mutoto anawaka moto, na bengine wote beko naye mu mukeka moja.

Patou, 9:50
Unanisema mimi mbele ya wote? Ile machine ya kushona ya Mama ilipoenda, mimi nilisema?

Serge, 9:52
Patou. Hapana leo.

Ya Solange, 10:30
Machine haiko mu mambo ya leo. Ingine: baridi ya mwezi wa saba. Kile chumba cha nyuma hakioni jua. Tufanye nini?

Serge, 10:41
Umeme ikikatika aingize mbabula ya makala, afunge mulango. Chumba itapata joto mbio.

Patou, 10:42
Serge akiona mbabula anawaza tu mbuzi ya kuchoma 🐐😂

Serge, 10:42
Lete chumvi 😂

Ya Solange, 10:44
Mimi nauliza juu ya batoto jamani!!

Kevin, 12:05
Ni mimi Kevin, naandikia Nkambo, babu yetu, ananisemea:

"Mbabula haingii mu chumba cha batoto. Ile sumu ya makala haionekani, haina harufu, inaua batu bakilala. Nimezika jirani juu ya ile. Ingine. Mu 2003, nilipotoka ku kampuni ya migodi Gécamines na départ volontaire, kuacha kazi kwa hiari juu ya malipo, makuta ikaisha. Mama yenu akalea batoto ba majirani mu hii parseli. Njo mulikula, njo mulisoma. Hakuna aliyesema eko tu ku nyumba. Mireille eko ku kazi. Anayemuachia mutoto alipe. Chumba changu cha mbele kinapata jua, akichukue. Mambo ya machine, Patou, kuya hapa tuongee. Si mu telefone."

Tantine Georgette, 12:40
Ndiyo Baba.

Ya Solange, 12:41
Ndiyo Nkambo. Serge? Patou?

Serge, 13:20
Ndiyo Nkambo. Natuma dola 10 leo. Ingine bakitulipa ku kazi.

Patou, 14:55
Nitaleta masoso kilo tano. Makuta, tutaona.

Ya Solange, 14:56
Masoso haifute deni.

Mireille, 15:30
Ilete, Patou. Nitaandika mu kayé ya deni kama sehemu. Ingine, unanidai jibu ya machine, na mimi nakudai makuta.

Ya Solange, 15:33
Chumba cha mbele: tunahamisha jumamosi?

Serge, 16:10
Mifuko yangu ya sima ya kujenga iko mule. Sina pa kuipeleka.

Ya Solange, 16:11
Serge, Nkambo amesema.

Fiston Kolwezi, 21:17
Nimekuta messages mingi. Nani amekufa??

Ya Solange, 21:18
Hakuna. Mwana yako eko kwa Mireille, lipa. Na jumamosi tunahamisha sima.

Fiston Kolwezi, 21:40
Ah sawa. Jumamosi niko ku kazi. Mutaniambia.