Re: Lifti ya mashua mpaka Cherbourg, ofisi ya visa yataka tiketi

Binti Pangani, Southampton:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nahodha mmoja hapa, Mwingereza mstaafu tunayejuana kwa salamu za gatini tu, amenipa nafasi ya bure kwenye mashua yake ya tanga kwenda Cherbourg, bandari ya Ufaransa, na kurudi. Nina pasipoti ya Tanzania na eVisa, kibali cha kidijitali cha Uingereza, kwa hiyo visa ya Schengen (ya nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani) lazima. Leo dirishani wamenirudishia fomu: wanataka tiketi ya kwenda na kurudi. Kwenye chombo cha mtu, tiketi itoke wapi? Niambatanishe nini?

Mzee wa Poole:
Marahaba mwanangu. Mwombe barua yenye jina la mashua, namba ya usajili, tarehe, bandari zote mtakazoingia, na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Weka SSR (hati ya daftari la Uingereza la vyombo vidogo), bima ya mashua na nakala ya pasipoti yake. Bima yako ya matibabu iwe ya euro 30,000 kwenda juu, na usome mipaka yake ya baharini, maana baadhi hukoma maili 12 kutoka pwani. Tarehe zisibane. Kutoka Needles, miamba ya ncha ya magharibi ya kisiwa cha Wight, hadi Cherbourg ni kama maili 60 za baharini, yaani saa 12 kwa mwendo wa noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa), lakini upepo ukikataa mnalala gatini siku tatu. Visa ikibana, mtu aliyekufanyia hisani ndiye atakayelazimika kuvuka katika bahari ambayo peke yake asingeigusa.

Mama K., Portsmouth:
Samahani mzee, SSR haithibitishi umiliki. Inayothibitisha ni Part I, sehemu ya kwanza ya daftari la meli la Uingereza. Kama ana SSR tu, aongeze hati ya mauziano. Halafu, dada, barua isitaje nauli hata mara moja! Mashua ya starehe inaruhusiwa kupokea mchango wa gharama za safari yenyewe: dizeli, chakula, ada ya gati. Ukiandika nauli, umemgeuza mfadhili wako kuwa mfanyabiashara wa abiria asiye na kibali, na bima yake inaweza kugoma kulipa. Iandikwe "mgeni wangu, anachangia chakula". Wala usijiite mfanyakazi wa chombo, utaanza kuulizwa vyeti vya ubaharia.

Mzee wa Poole:
Mama K., nimesema usajili, sikusema umiliki. Soma vizuri.

Mwana wa Likoni, Plymouth:
Mnabishana na kubwa mmeliacha. Aombe visa ya kuingia mara nyingi. Wengi wakirudi kutoka Cherbourg hupitia kisiwa cha Guernsey, na Guernsey si Schengen. Akishaandikishwa kutoka, visa ya kuingia mara moja imekwisha. Upepo ukiwasukuma kwenda St Malo, Ufaransa tena, anafika hana ruhusa, na taabu inamwangukia nahodha pia. Tena sPCR, taarifa ya mtandaoni ya safari ya mashua ya starehe kwa walinzi wa mpaka wa Uingereza, itumwe kwenda na kurudi, si zaidi ya saa 24 wala chini ya saa 2 kabla ya kuondoka, jina lake likiwemo. Bendera ya njano, ya kuomba ruhusa ya kuingia nchini, wasiisahau. Sisi Wakenya wenye pasipoti mbili tangu Katiba ya 2010 haya yametupungukia. Ndugu zetu Watanzania, mtadai lini yenu?

Mama K., Portsmouth:
Tunadai kila mwaka, usitufundishe. Tuliahidiwa hadhi maalumu badala ya uraia pacha, na hadhi maalumu si pasipoti. Mtoto wa Pangani anapewa lifti na mtu baki, halafu anakwama kwa sababu ya rangi ya kijitabu. Inauma.

Mzee wa Poole:
Kwetu jahazi likiingia Lamu au Kilwa limeishiwa maji, mabaharia hawaulizwi wametoka wapi. Madumu yanashuka kwanza. Kusi ikivuma hivi huwa nawaza bandari tu.

Fundi Kamba, Falmouth:
Binti, mkifika Cherbourg watu msiowajua watakuja kupokea kamba, ndiyo desturi ya huku. Tangulizeni kamba ya katikati ya mashua. Mpe mtu mkononi, usimrushie usoni, na mwambie aizungushe kwenye chuma cha gati mara moja kisha aishikilie tu. Mpokeaji mwema akivuta kamba ya omo (mbele ya mashua) kwa nguvu zake zote, omo inagonga gati, tezi (nyuma yake) inatupwa nje, na jirani anakwaruzwa. Hilo hutokea kuliko dhoruba. Pakijaa mkafunga ubavuni mwa mashua ya mwingine, ombeni kwanza, ning'inizeni dafrao zenu, mito ya kuzuia vyombo visigongane, na pelekeni kamba zenu wenyewe hadi gatini, ya omo na ya tezi. Msimwachie mzigo wote yeye. Mkivuka chombo chake piteni mbele ya mlingoti, kwa viatu laini. Kukatiza nyuma, walikokaa, ni kama kupita sebuleni mwa watu bila hodi. Na muulizeni usiku uleule kama anaondoka alfajiri, ili nyinyi ndio muamke kumfungulia njia.