MREJESHO: Gari inalia "tak" moja, stata haizunguki

Wakuu, asanteni sana. Kwa waliokosa swali: gari ya otomatiki, ukipiga stata inalia "tak" moja tu, injini kimya, taa za dashibodi zinawaka vizuri.

Betri haikuwa na shida, ilisoma volti 12.6, kwa hiyo mlionishauri ninunue mpya, bora sikuwasikiliza, nimeokoa hela! Kuhamisha gia kwenda N (nyutro) hakukubadili kitu, na ile "tak" yenyewe inaonyesha umeme wa ufunguo unafika kwenye stata.

Ushauri wa kupima ethi (njia ya umeme kurudi kutoka injini na bodi hadi nguzo hasi ya betri) ndio ulioanza kulipa. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma tupu cha injini, kisha mtu apige stata. Isizidi 0.5, hii ilisoma 1.9. Waya wa ethi ulikuwa umeoza ndani ya plastiki, pale unapobanwa kwenye bodi. Umebadilishwa, sehemu ya bolti ikapigwa msasa.

Ikawaka, lakini ya baridi tu. Injini ikishapata moto, "tak" ileile. Ikabidi stata ishushwe: vikonta vya shaba (vipande vinavyogusana kupitisha umeme) ndani ya solenoidi, ile swichi ya stata, vimeliwa upande mmoja. Vimewekwa vipya viwili, kaboni (brashi zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya stata inayozunguka) zimeachwa kwa sababu bado ndefu.

Sasa inawaka baridi na moto. Kilichobaki ni kukwaruza mara mojamoja, meno ya bendiksi (gia ndogo ya stata inayozungusha injini) yamelika. Hiyo bado.