Damu mmemtoa mara 3, homa ya ini hamkumpima hata mara moja!

Wakuu nina hasira hapa hata usingizi sipati.

Kaka angu ni mtu wa mikorosho huku Masasi. Ndani ya miaka 2 kafikishwa dharura mara 3, kwanza kaanguka na bodaboda, kisha malaria kali, kisha kutapika usiku kucha. Mara zote damu wametoa, nilikuwepo, pamba nimeishikilia mimi mwenyewe na kile kichupa cha kifuniko cha zambarau nimekiona kinaenda maabara. Wakapima malaria na wingi wa damu basi. Akilalamika mwili hauna nguvu sisi tunamwambia ni ile salfa unayopulizia, pumzika.

Mwezi uliopita macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, tumbo limejaa maji mpaka shati halifungi. Ndo wanatwambia homa ya ini B, inaonekana anayo miaka mingi na ini limeshaharibika. Miaka mingi! Sasa hizo mara 3 mlikuwa mnatafuta nini??

Nesi ananijibu eti hakuomba kipimo. Jamani mtu ataombaje kipimo cha ugonjwa asioujua, hivi virusi si vinakaa kimya mwilini miaka na miaka? Na dawa ipo, tenofovir kidonge kimoja kwa siku, haimalizi virusi ila inavilaza ini lisiendelee kuliwa. Ile C ndo kabisaa, vidonge vya wiki 8 mpaka 12 wengi wanapona.

London tangu Aprili 2022 ukiingia dharura ukatolewa damu ya vipimo vingine wanapima humohumo VVU, homa ya ini B na C, unajulishwa, hutaki unasema hutaki wanaacha. Na msiseme hayo ya Uingereza, wake zetu kliniki ya wajawazito si wanapimwa VVU na kaswende kama kawaida, nani kagoma?

Ila majibu mtu apewe chumbani, sio kama sisi tulivyotangaziwa kwenye korido ndugu wote benchini, mama anasikia.

Kesho nampeleka shemeji akapime, hela natoa mfukoni. Akikutwa hana nataka achanjwe dozi zote 3, anayejua Mtwara mjini chanjo ya mtu mzima inapatikana wapi aniambie tafadhali.