Umeme umekatika, Chrome imefunguka tupu, tabo zangu narudishaje?

Wakuu habari za jioni. Desktop ya ofisini haina UPS, mchana umeme umekatika ukarudi ukakatika tena, kuwasha nafungua Chrome naletewa ukurasa mmoja mweupe tu. Tabo zote za tenda ninazofuatilia hamna, na zilikuwa zimejazana mpaka majina hayasomeki, zingine nilifungua mwezi wa kwanza na huu wa tano. Kesho asubuhi bosi anataka orodha. Wajuvi nisaidieni.

Fundi wa Mtaa
Mkuu tulia. Bonyeza Ctrl+Shift+T, rudia rudia, hiyo inafungua zilizofungwa mwisho, hata dirisha zima linarudi.

Kapeto
Tangu mwezi wa kwanza hujasevu hata moja 😂 ila sikucheki sana, Chrome ya simu yangu kale kaboksi ka idadi ya tabo kameacha namba kanaonyesha :D, ujue hapo zimepita 99.

Muuliza swali
@Fundi zimekuja mbili tatu za leo, basi.

Fundi wa Mtaa
Ni ule umeme kukatika mara ya pili. Brauza inatunza kikao cha mwisho, yaani tabo zilizokuwa wazi mara ya mwisho, sasa ukiwasha ikaja tupu halafu ikazima tena, hiyo tupu ndo inakuwa kikao cha mwisho. Nenda Ctrl+H ufungue historia, andika "tenda" pale kwenye kutafuta.

Bibie wa IT
Naongezea, historia ya Chrome kwenye mashine inaishia siku 90, za mwezi wa kwanza hutaziona humo. Kama ulikuwa umeingia na akaunti yako ya Google na sync (kuoanisha data na akaunti) iko on, jaribu myactivity.google.com, huko huwa zinakaa muda mrefu zaidi kama hukuzima. Halafu kwenye settings, sehemu ya kuwasha brauza, chagua iendelee ulipoishia. Na jioni kabla hujatoka Ctrl+Shift+D, inasevu tabo zote kwenye folda moja.

Muuliza swali
Dada ubarikiwe, karibu zote nimezipata! Imebaki moja ya NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, nahisi niliifungua kwenye hali fiche.

Bibie wa IT
Ya hali fiche haiandikwi popote kwenye mashine, hiyo sahau. Ingia NeST uitafute kwa namba ya tenda.