ULINGANISHO: The Long Shadow, Unbelievable, Des au The Serpent, ipi niiangalie na familia?

Mwana_wa_Mchangani
Assalaam alaykum wana jukwaa, nnaomba ushauri wenu. Mie na mke wangu tuna kawaida baada ya Isha watoto wakishalala tunaangalia tamthilia, episodi moja tu mana asubuhi kazi, na sasa kaja kukaa kwetu mdogo wangu wa kike anasoma sheria mwaka wa pili naye kaingia kundini. Yeye ndo alotaka hizi za kesi za kweli, za wahalifu walorudia rudia mpaka wakakamatwa. Tukaanza na Dahmer ile ya Netflix ya 2022, ya yule muuaji wa Marekani, episodi 10. Ya kwanza tukamaliza, ya pili mke wangu akawa anaangalia chini, ya tatu akanyanyuka akenda zake kulala na mie nkaizima. Wala skumlaumu, mana nlijikuta namjua yule muuaji mpaka nyumba alokulia na wale vijana alowauwa nlikuwa siwezi kutaja hata jina la mmoja, jambo lile likanikaa vibaya.

Sasa yule kijana wa Darajani anonijazia muvi kwenye flashi anazo nne, The Long Shadow, Unbelievable, Des na The Serpent. Flashi yangu ina nafasi ya mbili tu. Nnachotaka mie: isiwe na uchi wa kutuvunjia heshima tukiwa tumekaa pamoja, mdogo wangu apate la kujifunza kuhusu upelelezi, na mke wangu aweze kulala. Walioziangalia nambieni ukweli.

bintWete
Wa alaykumu ssalaam kaka. Chukua The Long Shadow, usifikiri mara mbili. Ni ya ITV ya Uingereza, 2023, episodi 7, kesi ya Peter Sutcliffe dereva wa lori wa Bradford alouwa wanawake 13 kati ya 1975 na 1980. Kilichonifurahisha ni kuwa muuaji mwenyewe kwa muda mrefu humuoni kabisa. Unakaa na Emily Jackson na mumewe, biashara yao ya kuezeka mapaa imekwama na madeni yamewabana, unamuona mama wa watoto anahangaika, na unapojua hatorudi nyumbani unalia kama umefiwa na mtu wa mtaa wako. Mapigo yenyewe hawayaonyeshi kama zile nyengine.

Na kwa huyo mdogo wako wa sheria, wallahi humo mna somo zima. Polisi walimhoji Sutcliffe mara 9 na kila mara wakamwacha! Taarifa zote zilikuwa kwenye kadi za karatasi, kadi zikawa nyingi mpaka sakafu ya chumba cha upelelezi kule Leeds ikabidi iimarishwe, na kadi moja haikujua kadi nyengine inasema nini. 1977 waliokota noti mpya ya pauni 5 kwenye mkoba wa mwanamke alouliwa Manchester, wakaifuatilia mpaka makampuni yalolipa mishahara kwa noti zile, wakafika mpaka kazini kwake, na bado akawaponyoka. Halafu 1979 ikaja kaseti ya mtu anojidai ndo muuaji, lafudhi yake ya Sunderland, mkuu wa upelelezi George Oldfield akaiamini moja kwa moja, ikawa kila asokuwa na lafudhi ile anavukwa. Ilikuwa uongo mtupu. Yule wa kaseti alikuja kujulikana kwa DNA akafungwa 2006, miaka zaidi ya 25 baadae. Baada ya kesi ile ndo polisi wa Uingereza wakatengenezewa mfumo wa kompyuta wa kuunganisha taarifa, unaitwa HOLMES.

Fundi_Kingamuzi
Bint Wete kasema kweli ila episodi 7 kwa wanoangalia moja kwa siku ni wiki nzima ya huzuni. Mie ntasema Des. Episodi 3 tu, ITV 2020, David Tennant ndo kamuigiza muuaji Dennis Nilsen, na aloiongoza ni Lewis Arnold, huyo huyo aloongoza The Long Shadow. Hakuna hata mauaji mamoja yanoonyeshwa. Inaanza siku ya kukamatwa, Februari 1983, mabomba ya maji machafu yameziba nyumba moja London ya kaskazini, fundi kaitwa kaona alochokiona. Polisi wanamsubiri jioni arudi kazini, akifika hakatai, anaeleza kila kitu kwa sauti ya mtu anoeleza bei ya samaki.

Kazi iliyobaki sio kujua nani kauwa, ni kujua nani kauliwa, mana wengi walikuwa vijana wasokuwa na makaazi na hakuna alokuwa anawatafuta. Inspekta Peter Jay anataka kila mmoja apate jina lake, wakubwa wanamwambia pesa zimekwisha, tayari kuna kesi ya kutosha. Hapo mie niliumia. Alishtakiwa kwa mauaji ya 6 na wengine mpaka leo hawajulikani majina.

Dau_la_Kaskazi
Jamani na The Serpent mnaiachaje? BBC na Netflix, 2021, episodi 8, Charles Sobhraj alokuwa akiwalewesha dawa vijana wa Kizungu wanosafiri na mabegi mgongoni, Bangkok 1975 na 1976, anawaibia paspoti anawauwa kisha anasafiri kwa jina lao. Sisi watu wa Nungwi tunapokea wageni wa aina ile kila siku, mtoto wa watu kaja peke yake na begi lake hajui mtu. Nliiangalia nkamkumbuka kila mgeni alowahi kuniuliza njia. Alokuwa akimfuatilia sio polisi, ni Herman Knippenberg, ofisa mdogo wa ubalozi wa Uholanzi, kisa chake kimeanza na barua tu ya familia inouliza watoto wetu wawili mbona hawaandiki tena. Balozi wake anamwambia achana nayo, polisi wa kule hawana haja, yeye na mkewe na majirani wa Sobhraj wakakusanya ushahidi wenyewe.

bintWete
Dau, Knippenberg nampenda sana mie. Ila tusimfiche kaka Mwana, tamthilia ile inampamba Sobhraj. Miwani, mashati, bwawa la kuogelea, mziki, saa nzima unaangalia mtu mbaya alovaa vizuri. Na inaruka mbele na nyuma, miezi miwili kabla, mwezi baadae, ukisinzia kidogo umepotea. Kuna na vazi la kuogelea kila kona, mbele ya wifi na shemeji kaka hukai. Na mtu mwenyewe yuko hai, Nepal ilimwachia Desemba 2022 kwa ajili ya umri.

Kibweni79
Mie nataka niitetee Dahmer kidogo mana Mwana kaiacha ya tatu na uzito wake uko mbele. Kuna yule mama jirani, Glenda Cleveland, kaigiza Niecy Nash na kapata tuzo ya Emmy kwa kazi ile. Mei 1991 mtoto wa miaka 14 mwenye asili ya Laos alikutwa nje barabarani hajitambui, wasichana wa familia ya yule mama wakawaita polisi, polisi wakaja wakamsikiliza Dahmer wakamrejesha mtoto ndani kwake. Mama wa watu akapiga simu kituoni kuuliza, akapiga tena, wakamjibu mambo yashamalizwa. Mtoto akauliwa usiku ule ule, na wengine 4 baada yake mpaka Julai alipokamatwa. Watu weusi masikini wanosema na hawaskizwi, hilo ndo linoelezwa mule. Na episodi ya 6, ya yule kijana kiziwi Tony Hughes na mama yake, ni nzuri sana, muuaji anakuwa pembeni.

bintWete
Episodi ya 6 nakubali ami. Lakini kuna jambo haliniachi. Rita Isbell, dada wa mmoja wa walouliwa, maneno yake ya uchungu alosema mahakamani 1992 wameyaigiza neno kwa neno, nguo kama zake na nywele kama zake, na mwenyewe kasema hadharani hakuna alomuuliza. Fikiria unawasha tivii unajiona unamlilia ndugu yako. Na Glenda kwa kweli alikuwa anaishi jengo la jirani, wao wakamweka mlango wa pili ili aonekane anasikia harufu ukutani. Kisa chake kilikuwa kizito bila ya kukisogeza.

mamaNasra
Wanangu nimesoma yote. Mie sio mtu wa tamthilia sana ila Unbelievable nimeiangalia mara mbili na ya pili niliwaita kina mama 6 wa mtaani kwangu tukaangalia pamoja na binti yangu akitutafsiria. Naomba mnisikilize kidogo hapa.

Netflix, 2019, episodi 8. Sio ya muuaji, ni ya mbakaji, Mmarekani mmoja mwanajeshi wa zamani. Msichana wa miaka 18, mule anaitwa Marie, kalelewa nyumba za watu tangu mdogo, 2008 kaingiliwa usiku chumbani kwake kafungwa macho kabakwa. Kaenda kuripoti. Wakamhoji, wakamrudisha kuhoji, kila akirudia maneno yanatofautiana kidogo wanamwandama. Walezi wake wawili wakawa na wasiwasi, huyu mbona halii, mbona yuko kawaida tu, wasiwasi ukafika kwa polisi. Akabanwa mpaka akatia saini kuwa kasema uongo. Kisha WAKAMSHTAKI yeye, akalipishwa dola 500. Na yule mtu akahamia jimbo la Colorado akaendelea na wanawake wengine.

Alikamatwa kwa bidii za maafisa wawili wa polisi wanawake, kila mmoja ana kesi yake mji wake, na hawakujuana. Mume wa mmoja wao alikuwa polisi mji wa pili, ndo alomwambia mkewe kazini kwetu kuna kesi kama yako. Yule mbakaji kusudi alikuwa akihama mji kwa mji mana anajua vituo havizungumzi. Wakaunganisha vitu vidogo vidogo, pikapu nyeupe ya Mazda ilopita kwenye kamera, alama ya kuzaliwa nayo mguuni, mpaka Februari 2011 wakamtia mkononi, akahukumiwa miaka 327 na nusu. Na kwenye picha zake wakaikuta picha ya Marie, kafungwa, na leseni yake ya kujifunzia gari kawekewa kifuani. Miaka miwili na nusu anaitwa muongo. Alilipwa fidia dola 150,000.

Kwa nini niliwaita kina mama. Miaka mitatu nyuma nilimsindikiza binti wa jirani kuripoti udhalilishaji, kituo skitaji. Aliulizwa mara nne, na watu tofauti, mlango wazi, watu wanapita. Mara ya nne akaniambia mama twende zetu mie sitaki tena. Familia zikakaa, muhali ukaingia, watu wanaoneana haya, yule kijana ni wa fulani, kesi ikafia barazani. Sasa tuna vituo vya Mkono kwa Mkono vya kuwahudumia walodhalilishwa na tangu 2021 tuna mahakama maalum ya udhalilishaji, nashukuru, lakini muhali uko pale pale ndani ya nyumba. Mama mmoja tulipofika pale Marie anatia saini alisema "huyu ni mwanangu" akatoka nje, hajarudi mpaka ilipokwisha.

Kuna vipande vya ubakaji kaka, ni vifupi kama mtu anokumbuka, havimuonyeshi mwanamke kwa tamaa. Mwambie mkeo mapema kabla ya episodi ya kwanza ili asishtuke.

Kibweni79
Mama Nasra Mwenyezi Mungu akulipe. Umenifanya nione kitu, zote hizi tulozitaja kuna mtu alisema mapema. Glenda alisema. Huyo Marie alisema. Knippenberg alisema. Hata kwenye kesi ya Des kuna kijana Douglas Stewart alotoka mzima 1980 akaripoti, polisi wakaona ni ugomvi wa wapenzi.

bintWete
Na Marcella Claxton kwenye The Long Shadow! Binti mweusi wa Leeds, Mei 1976 alipigwa nyundo bustanini akiwa na mimba, mimba ikatoka, akabaki hai, na polisi hawakumuhesabu kuwa ni mtu yule yule. Alikuwepo shahidi hai miaka karibu mitano kabla hawajamkamata!! Na walipomkamata Januari 1981 kule Sheffield ni kwa namba za gari za bandia, bahati tu, kisha askari mmoja kesho yake akapata fikra ya kurudi pale Sutcliffe alipoomba kwenda haja akaikuta nyundo na kisu nyuma ya tangi la mafuta.

Mzee_wa_Jangombe
Nyinyi vijana hamkuona khofu ya mtaa mzima ilivyo. 1995 Ramadhani ile ya popobawa, yule jini anosemwa anavamia watu usiku, ilianzia Pemba ikaja mpaka huku mjini, tukilala nje makundi kwa makundi, wazee wanasoma, watoto katikati, na mgeni yeyote akipita usiku anatazamwa kwa jicho jengine kabisa. Kwa hiyo nilipoona kwenye hiyo The Long Shadow wanawake wa Leeds wanaambiwa msitoke usiku, na wao wakaandamana usiku ule ule 1977 kusema mbona tufungiwe sisi, nilisimamisha nkakaa kimya. Na pale mama wa msichana wa miaka 16 anaposikia mwanawe anaitwa "asiye na hatia", kama kwamba wale walotangulia walikuwa na hatia kwa sababu wengine walikuwa wakijiuza. Maneno yale yalisemwa na polisi na magazeti kweli. Mwana, anza na hiyo. Unbelievable iwe ya pili, mpate nguvu kwanza.

Fundi_Kingamuzi
Naungana na mzee, Des muikopie kwa mtu siku nyengine, ndogo ile haijazi flashi.

Mwana_wa_Mchangani
Nawashukuru sana wote, mzee wangu wa Jang'ombe shikamoo, mama Nasra shikamoo na pole kwa ya yule binti. Nimejaza The Long Shadow na Unbelievable. Ila tumegeuza mpango, mke wangu nlimsomea ujumbe wa mama Nasra wote akasema anaanza na ya Marie, hataki kusubiri. Jana tumeangalia ya kwanza. Nlitegemea atanyanyuka pale wanapomrudia kumhoji mara ya tatu, hakunyanyuka, alikaa mpaka mwisho kisha akamuuliza mdogo wangu, "kwa sheria yetu ana haki ya kukataa kuulizwa tena na tena?" Mdogo wangu akasema hana uhakika, leo anamuuliza mwalimu wake chuoni. Mama Nasra, mke wangu anaomba kujua hao kina mama 6 mnakutana siku gani na wapi.

mamaNasra
Ijumaa baada ya alasiri mwanangu, kwangu. Nitumie namba yake kwa faragha, nitamwelekeza. Na aje na huyo wifi yake wa sheria, tuna maswali mengi ya kumuuliza.