Mrejesho: Shinden haikalii mkia tena

Wakuu, niliwauliza namna ya kuizuia modeli yangu ya Kyushu J7W Shinden, kipimo cha 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), isikalie mkia, yaani isiangukie nyuma na kuinua pua juu. Ndege hii ya Kijapani, iliyoruka mara ya kwanza Agosti 3, 1945, ina injini na propela ya mapanga sita nyuma, kwa hiyo uzito wote huenda huko.

Nilifuata ushauri wenu wa kuongeza uzito mbele kwa chubwi za kuvulia samaki: nilizibana puani kwa gundi ya epoksi kabla ya kufunga bodi. Imekubali kabisa, gurudumu la mbele limetulia mezani. Puti, ile lahamu ya kuzibia nyufa, kwenye maungio ya bawa ndiyo imegoma. Nilipiga msasa vizuri, nikapaka rangi ya kijani, ufa ukarudi palepale.

Asanteni sana, hasa mliosisitiza chubwi ziingie mapema.