Nilipokea elfu kumi ya mgombea nikampigia mwingine, sasa neno lake linaniuma

MamaDagaa
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Mimi ni mjumbe katika chama chetu, nauza dagaa huku Kanda ya Ziwa. Usiku wa kuamkia kura za maoni zilizopita, zile za chama kuteua mgombea ubunge, kama saa tatu hivi, bodaboda ilisimama mlangoni kwangu, taa imezimwa. Kijana akanikabidhi khanga iliyokunjwa. "Mama, nauli yako ya kesho." Ndani mlikuwa na noti ya elfu kumi. Nauli ya wapi? Shule tunayopigia kura ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Siku hiyo debe la unga lilikuwa tupu na wajukuu wamelala na uji. Nikapokea.

Asubuhi nikampigia mwalimu mstaafu aliyetujia na baiskeli na daftari. Alikuwa ameandika humo kina mama waliojifungulia njiani wakielekea zahanati. Kata nzima aliambulia kura 11. Mwenye khanga akapita, na mpaka bungeni akafika.

Mwaka uliofuata tukamfuata wanawake sita. Kitanda cha kujifungulia kimevunjika mguu, kimeegemezwa kwenye matofali. Alitusikiliza, kisha akasema taratibu tu: "Mama zangu, mimi na ninyi hatudaiani."

Siku zote nilikuwa nasema kula chake, kura yako. Mnaonaje, tulikuwa tunajidanganya?

Mpenda_Sheria
Pole mama. Ulichopewa kiliwahi kuwa halali. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, baada ya mashirika ya haki za binadamu kufungua kesi. Hoja kubwa ilikuwa kwamba inambagua mgombea asiye nacho. Huyo ndiye mwalimu wako wa baiskeli. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Ila ujue jambo moja: kwenye rushwa, mtoaji na mpokeaji wote wana kosa. Ndiyo maana watu hawaendi TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanaogopa kujitaja.

Nilishindwa_Udiwani
Mimi niligombea udiwani. Nilikuwa na pikipiki moja na akiba ya mahindi niliyouza. Kila nikimaliza kujieleza, mzee mmoja ananivuta pembeni: "Sasa mwanangu, tunaondokaje hivihivi? Mwenzio jana ameacha chochote." Nilimaliza fedha siku ya nne. Siku ya tano mtu mmoja akaniambia kuna mkandarasi yuko tayari kunisaidia, nikishinda nimkumbuke kwenye barabara. Nilikataa, nikashindwa. Mama, hiyo elfu kumi huenda haikutoka mfukoni kwa mheshimiwa. Aliyeitoa ndiye anayemdai, na analipwa kwanza kabla ya kitanda chenu.

Lakini sikubaliani na wanaowalaumu akina mama. Mwenye debe tupu saa tatu usiku hana nafasi ya kuchagua kama mimi niliyekuwa na mahindi ghalani.

Babu_wa_Zamani
Marahaba mwanangu. Nimeanza kupiga kura enzi za Azimio la Arusha la 1967. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa kwenye kampuni, wala nyumba ya kupangisha, wala mishahara miwili. Sisemi tulikuwa malaika, na chama kilikuwa kimoja tu. Ila mgombea alikuja amekaa kwenye benchi lilelile tulilokaa sisi. Masharti hayo chama kiliyaondoa kwenye kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991, na nimeona kwa macho yangu magari ya kampeni yalivyoanza kuongezeka. Usijitese. Kura yako uliipeleka kwa mwalimu. Kinachokuuma ni kwamba mbunge ana risiti yako mkononi, nawe huna yake.

MamaDagaa
Asanteni. Babu, hilo la risiti limenifika. Khanga ile sijaifunga hata siku moja, iko chini ya sanduku. Jumamosi tuna kikao cha tawi. Nimewaambia wale wenzangu watano kwamba nitaiweka mezani, niseme nilipokea, kisha tumtaje mwalimu mapema kabla bodaboda hazijaanza kupita. Wawili wamekubali kusimama nami. Kinachonitetemesha ni kwamba kijana yule hakuwa akipajua kwangu. Aliyemwonyesha mlango ni mwenyekiti wetu, na ndiye anayeendesha kikao.